Dhambi Inayorudi: Uhakiki wa Kitabu cha Kumi cha Maungamo ya Augustino

Maungamo ya Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, yaliandikwa kati ya miaka ya 397 na 400 hivi. Aghalabu kazi hii husomwa kama kisa cha mtu aliyepotea akapatikana, na kwa hiyo msomaji hufika Kitabu cha Nane, penye ile bustani ya Milano mwaka 386, akaona safari imekwisha. Vitabu ni 13, na swali gumu kuliko yote limo katika cha Kumi: mtu aliyekwisha kutubu na kubatizwa, aungame nini tena?

Ni kweli kwamba Kitabu cha Nane ndicho chenye uchambuzi mkali wa dhambi ya mazoea. Augustino hamsingizii Shetani, wala hadai kwamba hakujua lililo jema. Anaonyesha jinsi nia iliyopotoka inavyozaa tamaa, tamaa ikitumikiwa ikazaa mazoea, na mazoea yasipopingwa yakageuka kuwa lazima. Ni pete zilizoshikana zikawa mnyororo, na chuma chake ni nia ya mfungwa mwenyewe. Hapo pia anakumbuka jinsi alivyomwomba Mungu usafi wa mwili huku akiogopa kwamba angejibiwa upesi. Kichekesho hicho kichungu kinaeleza kurudiarudia kwa dhambi kuliko mahubiri mengi.

Hata hivyo, simulizi hiyo yote iko katika wakati uliopita. Katika Kitabu cha Kumi mwandishi anahamia wakati uliopo, na badiliko hili la kisarufi ndilo kiini cha kazi nzima. Anayezungumza sasa ni askofu, mchungaji wa watu, naye anaungama kwamba picha za mazoea ya zamani bado humjia ndotoni. Kwamba ulevi u mbali naye lakini ulafi humnyemelea. Kwamba mjusi anayekamata nzi humtoa katika tafakuri. Mambo haya ni madogo, na udogo wake una maana. Dhambi iliyoshindwa kwa kishindo bustanini inarudi kwa kunyata.

Jaribu analolieleza kwa uchungu zaidi ni kupenda sifa. Mtu huweza kujisifu hata kwa kule kudharau kwake sifa. Hapa maungamo yanajihukumu yenyewe, kwani anayeungama hadharani hupata wasikilizaji, na wasikilizaji humsifu kwa ukweli wake. Augustino analijua hilo. Anawashuku watu walio wepesi wa kupeleleza maisha ya wengine na wazito wa kurekebisha yao.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataukumbuka ushuhuda wa Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930. Muundo wake unajulikana: nilikuwa hivi, sasa nimeokoka. Lakini itakuwa si haki kuupima Uamsho kwa muundo huo tu. Katika mikutano yao ya ushirika, ndugu walitakiwa kuungama na yaliyotokea baada ya kuokoka, na desturi hiyo, ambayo wao waliiita kutembea nuruni, ina udugu wa karibu na Kitabu cha Kumi.

Lugha nayo ina neno lake. Kilatini hutumia neno moja kwa kuungama dhambi, kukiri imani na kumsifu Mungu, Kiswahili kimeyatenga. Kwa hiyo jina Maungamo linamfanya msomaji atarajie orodha ya makosa, na zile sura ndefu za sifa humwonekea kama kutoka nje ya mada.

Kuna dosari moja ambayo uzuri wa mtindo hauifichi. Maungamo haya yameelekezwa kwa Mungu, na watu wanasikiliza kando. Aliyedhulumiwa haambiwi neno. Katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967), kabla ya kusimama mbele ya umati, Mugo anamwungamia Mumbi, dada wa Kihika aliyemsaliti. Augustino aliishi miaka mingi na mwanamke aliyemzalia mtoto, kisha mwanamke huyo akarudishwa Afrika ili ndoa ya heshima iweze kupangwa. Anaeleza jinsi moyo wake mwenyewe ulivyojeruhiwa na kutoka damu. Jina la mtoto, Adeodato, limo kitabuni. La mama yake halimo.