Mavazi ya Mtumba katika Filamu ya Gharama Ndogo: Kutoka Wakaliga hadi Kasongo

0. Utangulizi

Uhakiki wa filamu za Afrika ya Mashariki na Kati umejishughulisha zaidi na maudhui na lugha kuliko mavazi. Hata hivyo, mtazamaji humwona mhusika kabla ya kumsikia. Vazi ndilo tamko lake la kwanza. Kwa mtengenezaji wa filamu asiye na fedha, tamko hilo hutoka sokoni, katika nguo kuukuu zinazoletwa kutoka ng'ambo. Makala haya yanachunguza nguo hizo zinaweza kusema nini na zinashindwa kusema nini. Yanaanza na filamu ya Uganda iliyosifika sana, Who Killed Captain Alex? (2010), kisha yanaliuliza swali hilo hilo kuhusu Maniema ya kusini, yaani Kasongo, Kabambare na Wamaza, ambako historia ya kusimuliwa ni nyingi na fedha ni haba. Dai la makala ni kwamba mtumba hubeba kabati la ng'ambo peke yake. Anayetaka kulivika jukwaa la Kongo hana budi kuukata upya.

1. Neno na kitu

Majina ya nguo hizi yanafundisha. Nchini Tanzania ziliwahi kuitwa kafa Ulaya, kana kwamba zimeachwa na marehemu. Zambia huziita salaula, yaani kuchagua kwa kupekua, na Rwanda huziita caguwa, neno lililo jirani na kuchagua. Majina haya mawili yanataja mkono wa mnunuzi, ilhali la kwanza linataja asili ya nguo. Mtumba lenyewe linataja mzigo.

Neno hilo ni la zamani kuliko biashara ya leo. Katika karne ya 19 mtumba ulikuwa furushi la nguo begani mwa mpagazi, nalo lilisafiri kutoka pwani kupitia Tabora na Ujiji hadi Kasongo, mji wa Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip. Ndani yake mlikuwa na merikani nyeupe, iliyopewa jina la nchi ilikofumwa, pamoja na kaniki. Vitambaa hivyo vilipimwa kwa shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8, navyo vilikuwa fedha na vazi kwa pamoja. Ikumbukwe kwamba katika Maniema ya wakati ule kanzu ilikuwa zaidi ya nguo: ilimtangaza mvaaji kuwa mwungwana, si mtumwa.

2. Mafanikio ya Wakaliga na mpaka wake

Captain Alex ilitengenezwa na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Silaha zake ziliundwa kwa vyuma chakavu, na waigizaji walikuwa watu wa mtaani. Filamu hii haimwombi mtazamaji aamini kila kitu anachokiona, bali inamwalika kwenye mchezo. Zaidi ya hayo, toleo linalojulikana lina sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayetania, anayesifu na anayetaja nani ni nani. Kile ambacho vazi halikukamilisha, sauti hukikamilisha. Huu ni ufundi uliotokana na uhaba, nao unastahili kuheshimiwa.

Lakini ufundi huo unategemea kicheko. Nguo isiyolingana na cheo cha mvaaji huongeza utamu wa kichekesho, ilhali katika hadithi ya msiba nguo hiyo hiyo humvunjia heshima anayesimuliwa. Watu wa Kabambare wameyajua mapigano kati ya jeshi na makundi yenye silaha, hasa karibu na dhahabu ya Namoya na Salamabila. Filamu inayosimulia kukimbia kwao haiwezi kuazima kicheko cha Wakaliga. Wala haifai kumvika kila mkimbizi matambara. Anayekimbia mara nyingi huvaa nguo zake bora, moja juu ya nyingine, kwa kuwa kuvaa ni njia mojawapo ya kubeba. Mwigizaji aliyechaniwa shati ili aonekane maskini huonyesha jinsi maskini anavyodhaniwa na wengine, si jinsi anavyoishi.

Suala la sare ni zito zaidi. Mwaka 2019 jeshi la Uganda lilitangaza rasmi orodha ya mavazi yake, bereti nyekundu ikiwemo, na raia anayepatikana nayo huweza kushtakiwa. Katika njia za Kabambare hatari haiishii mahakamani: mwigizaji aliyevaa kama askari aweza kupigwa risasi na askari wa kweli. Hapa kutafuta vazi ni kosa lenyewe. Yatosha mlio wa buti, kivuli ukutani na uso wa mama anayezima koroboi. Sare ionekane katika macho ya wanaoiogopa.

3. Kisichopatikana mtumbani

Kwa hadithi ya leo, mtumba ni shahidi mwaminifu. Kijana mchimba dhahabu aliyevaa fulana yenye jina la timu ya mji asioujua hajavikwa uongo, kwani ndivyo vijana wanavyovaa. Uongo huanza hadithi inaporudi nyuma. Zaire ya Mobutu ilipiga marufuku suti na tai, ikawavika wakubwa abakosti, hadi Rais mwenyewe alipowaruhusu raia kuchagua tarehe 24 Aprili 1990. Mtu aweza kupekua mabalo siku nzima asiione abakosti hata moja, kwa sababu Ulaya haikuivaa. Kadhalika hataona kikwembe chenye picha ya kiongozi, wala kanzu ya Kasongo ya kabla ya mji huo kutwaliwa na jeshi la Dhanis mwaka 1893. Kinachokosekana ndicho hasa kilichokuwa cha wenyeji. Filamu inayovikwa kwa mtumba ambao haukuguswa husimulia historia ya Kongo kwa mavazi ya wengine, na watoto wanaoitazama hujifunza kwamba babu zao hawakuwa na mavazi yao.

4. Mkasi wa fundi

Pingamizi moja lazima lijibiwe. Kanzu yenyewe ilishonwa kwa kitambaa cha kigeni. Je, ina haki gani ya kuitwa ya Kasongo? Jibu limo katika swali. Merikani ilifika ikiwa jora la nguo tupu. Sindano, mkato na mwendo wa mvaaji ndivyo vilivyoifanya kuwa vazi la mwungwana. Basi njia ile ile ipo leo. Shuka nyeupe za kitanda, ambazo hupatikana katika mabalo, hutoa kitambaa cha kanzu. Zikitiwa rangi ya buluu nzito, hukaribia kaniki. Koti la suti likiondolewa kola yake pana na kufungwa hadi shingoni huelekea kuwa abakosti. Wazee waliozivaa wapo na wanaweza kumwongoza fundi. Hivyo fedha kidogo iliyopo ielekezwe kwa fundi wa cherehani kabla ya muuza nguo.

5. Hitimisho

Umaskini wa filamu hauonekani katika bei ya mavazi yake. Huonekana pale nguo inapochaguliwa kwa sababu ilikuwepo, bila kuulizwa ni ya nani na ya wakati gani. Wakaliga imethibitisha kwamba uhaba hauzuii kazi. Kwa Maniema umebaki mtihani mgumu zaidi, wa kuifanya kazi hiyo bila kuwacheka waliokufa. Mtihani huo hauhitaji mamilioni. Wahitaji shuka chache, mkasi, na mzee wa Kasongo anayekumbuka kola ilikaaje.