"Maziwa ya Mama Pekee": Istilahi Isiyojitosheleza

Miongoni mwa istilahi zilizotuingilia pamoja na juhudi za kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, "dawa za kufubaza virusi" yastahili sifa. Humwambia mgonjwa ukweli: virusi havikufa, vimepungua nguvu tu, na dawa ikiachwa vitarudi. Sifa hiyo siwezi kuipa "kunyonyesha maziwa ya mama pekee".

Katika kliniki moja ya wajawazito huko Kihonda, Morogoro, nilimsikia bibi aliyemsindikiza binti yake akiuliza: "Na maji, nesi mwanangu, tusimpe kwa joto hili?" Nesi alikuwa amekwisha kutamka "pekee" mara tatu. Kosa si la bibi. Kwake maji si chakula. Na neno "pekee" likifuata "mama", msikilizaji aweza kuelewa kuwa kinachokatazwa ni maziwa ya ng'ombe au ya mwanamke mwingine. Maji hayakutajwa.

Jambo hili si la wanalugha tu. Utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto walionyonyeshwa huku wakipewa vinywaji na vyakula vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonyeshwa bila kuchanganyiwa. Pasipo hatua zozote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Kwa dawa na ulishaji sahihi idadi hiyo yaweza kushuka chini ya 5.

Ajabu ni kwamba neno hilohilo, lililolegea kwa maji, hubana mno kwa dawa. Mtoto huyo hupewa nevirapini ya maji, nayo fasili ya Shirika la Afya Duniani huruhusu dawa. Mama mtiifu, aliyeshika "pekee" kama alivyofundishwa, aweza kusita kumnywesha.

Nimependekeza "maziwa ya mama matupu", kwa mfano wa wali mtupu. Wenzangu ofisini wamepinga: mama atadhani maziwa yake hayana kitu. Pingamizi hilo lina uzito, ingawa sijaona mtu aliyeandaliwa wali mtupu akadhani sahani ni tupu. Kwa sasa naona heri tuandike kwa urefu: "maziwa ya mama bila maji wala chakula kingine kwa miezi 6, isipokuwa dawa aliyoandikiwa mtoto". Wachoraji wa mabango watanung'unika. Msomaji mwenye neno fupi linalobeba yote hayo na atuletee.