Tukaondoka, Tukafika

Jumamosi moja ya Kwaresima mwaka jana, saa tisa usiku, nilisimama nje ya kanisa moja la Mbagala Rangi Tatu pamoja na watu kama sitini, wengi wao akina mama wa WAWATA waliovaa vitenge vya sare, tukisubiri kuanza kutembea kwenda kituo cha hija Pugu. Mama mkubwa alikuwa mmojawapo. Hiyo ilikuwa hija yake ya tisa. Kwangu ilikuwa ya kwanza, na kilichonipeleka hakikuwa sala. Nilikuwa naandika sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu watembea kwa miguu katika nathari ya Kiswahili, na sura ilikuwa imekwama.

Ilikwama kwenye lalamiko. Nilikuwa nimesoma Safari za Wasuaheli, mkusanyo aliouchapisha Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1901, na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, ambayo Tippu Tip aliyaandika mwenyewe na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne iliyopita. Hivi ni vitabu vya watu waliotembea kwa miezi, wengine kwa miaka. Lakini ukitafuta mahali mtu anakwambia nyayo zilimuumaje, au alijiuliza nini usiku, utatafuta sana. Unapewa vituo, majina ya watemi, bei ya pembe, na hongo, neno ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Kisha unapewa kituo kinachofuata. Tippu Tip anaanza akiwa na miaka 12, akifanya safari fupi za biashara ya sandarusi, na hata huyo mtoto humsikii akiogopa. Pembeni mwa nakala yangu niliandika: "Nafsi iko wapi?"

Swali hilo nililiokota darasani. Ukisoma insha za kutembea zinazosifiwa siku hizi, utakuta karibu zote zinaahidi jambo moja: mtu ataondoka amechanganyikiwa, atapata malengelenge, na atarudi amejijua. Paulo Coelho alitembea njia ya hija ya Santiago kule Hispania mwaka 1986, mwaka uliofuata akatoa kitabu, na wengi wamepita njia ileile na kalamu mkononi. Nyuma yao yuko John Bunyan wa mwaka 1678, ambaye hata Kiswahili kinamfahamu kwa jina la Safari ya Msafiri. Mkristo wa Bunyan anatembea na mzigo mgongoni. Mzigo ni wake, dhambi ni zake, na ukimdondoka pale msalabani anayepumua ni yeye. Nilichukua kipimo hicho nikawapimia wasafiri wa pwani, nikawakuta wamepungua.

Tulianza kutembea kwa rozari. Mtongani, Mtoni kwa Aziz Ali, tukapinda kupitia Tandika na Temeke, tukatokea Tazara kabla ya jua. Mpaka hapo kila mtu alikuwa mtakatifu. Barabara ya Nyerere ndiyo iliyotuonyesha sura zetu. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, kaskazi imeshachoka na masika haijaja, na kufikia Uwanja wa Ndege, saa moja na nusu asubuhi, lami ilikuwa imeanza kurudisha joto la jana. Banana watu waliacha kuimba. Ukonga waliacha kuongea. Daladala zilitupita na makonda wakatuambia Pugu nafasi zipo.

Nilikuwa na daftari dogo la kuandikia hisia zangu. Nilipolifungua jioni nilikuta nimeandika hivi: tukafika Jet, tukanywa maji, tukafika Banana, mama mmoja akakaa chini, tukamsubiri, akainuka, tukaenda.

Hebu tuitazame hiyo -ka-. Shuleni tulifundishwa kuwa ni kiambishi cha masimulizi, kinachoonyesha kuwa tendo moja limefuata jingine. Hatukuambiwa kwamba ni kiambishi cha miguu. Kila -ka- ni hatua. Inaegemea iliyotangulia na kuisukuma inayofuata. Mtu aliyechoka kwenye jua hana nafasi ya "nilikuwa nikihisi". Ana nafasi ya "nikainuka". Niliyemwona hana nafsi pale kwenye Safari za Wasuaheli alikuwa akiandika kwa sarufi ya mwili unaotembea, na mimi, mwenye shahada moja na nusu, nilipotembea kilomita ishirini na kitu niliandika kama yeye.

Jambo la pili nililipata kwa mama mkubwa. Tulipokuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta Gongo la Mboto nilimuuliza kwa nini anakwenda kila mwaka. Akasema, "Nina nia yangu." Nikasubiri. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeomba kuonyeshwa pochi. "Nia haitangazwi, mwanangu."

Neno hilo nia nilikuwa nimelisikia nyumba nyingine. Bibi mzaa mama ni Mzaramo wa Kisarawe, Mwislamu, na kwake hija ni ya Maka. Hii ya Pugu huiita "matembezi ya mama yenu". Mama mkubwa alibadili dini alipoolewa. Lakini nia hakuibadili. Kwa bibi, ibada bila nia haisimami, na mahali pa nia ni moyoni. Kwa mama mkubwa, misa ina nia, rozari ina nia, na kilomita nazo zina nia. Wawili hawa hawakubaliani juu ya mambo mengi mazito, ila wote wanajua kwamba anayetembea ana jambo, na kwamba jambo hilo si la kumwaga barabarani. Insha ya hija niliyofundishwa inamtaka mtembeaji alifungue. Lugha yangu inamruhusu alifunge. Ukimya wa wasafiri wa zamani niliusoma kama upungufu wa sanaa, kumbe huenda ulikuwa adabu.

Laiti ningeishia hapo, ningekuwa na sura nzuri ya tasnifu. Profesa angefurahi: kipimo cha kigeni kimekataliwa, cha kwetu kimepatikana. Tatizo ni kwamba si kila ukimya ni wa adabu.

Rudi kwa Tippu Tip. Katika moja ya safari zake anachukua wapagazi Wazaramo Mbwamaji, pwani ya kusini mwa Dar es Salaam, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Temeke. Wakiwa njiani wanamkimbia. Anawafuata hadi vijijini kwao, anakamata watu, anawafunga, na mizigo inaendelea. Anasimulia kwamba kwa tukio hilo alipewa jina la Kingugwa, yaani chui, na husikii kuwa jina hilo linamsumbua. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu kilo 30. Sentensi zake zinakwenda kwa -ka- ileile niliyoisifu hivi punde. Akakamata, akafunga, akaondoka. Hatua zilezile, mwendo uleule, na hakuna mahali msomaji anaambiwa asimame amtazame mtu aliyefungwa. Bibi yangu ni mjukuu wa vijiji vya upande huo. Sijui kama kuna wa kwetu kati ya waliofungwa, na kitabu hakiwezi kunisaidia, kwa kuwa wapagazi humo ni idadi.

Kwa hiyo -ka- ina kasoro yake. Inafaa kwa anayefika. Asiyefika hudondoka katikati ya vitenzi viwili na simulizi haligeuki nyuma. Mwaka 1967, vijana walipotembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kuunga mkono Azimio la Arusha, Seti Benjamin alifia njiani. Jina lake tunalo kwa sababu nchi iliamua kugeuka nyuma. Wapagazi wa Mbwamaji hawakupata nchi ya kugeuka. Na tusisahau vitabu hivi viliandikiwa nani: Velten na Brode ndio walioviomba, na wasomaji wa kwanza walikuwa Wajerumani waliotaka kujifunza lugha na nchi. Kwa msomaji wa namna hiyo, jina la kituo na bei ya pembe ni habari. Jina la mbeba mzigo si habari.

Nilikuwa nimeyaandika haya, kwa hasira ya kutosha, siku tatu baada ya Pugu, ndipo mama mkubwa aliponituma nimwandikie hesabu za jumuiya kwenye daftari jipya kwa sababu la zamani lilikuwa limelowa. Ni daftari la kawaida la mistari lenye kichwa cha habari "Hija". Maji, katoni kumi. Mkate. Glukosi. Dawa ya maumivu. Mchango wa kituo. Halafu mstari mmoja: jina la mtu, na pembeni "guta, kwenda na kurudi", na kiasi alicholipwa, na alama ya vema kuonyesha amepokea.

Nilikuwa nimemsahau. Kuanzia Rangi Tatu mpaka Pugu kijana mmoja alikuwa nyuma yetu na guta lililobeba katoni za maji, mabegi, na kwa nusu saa baada ya Ukonga, yule mama aliyekuwa amekaa chini. Pale barabara inapoanza kupanda vilima vya Pugu alishuka akalisukuma kwa kifua. Tulipoingia kwenye viwanja vya hija kufanya Njia ya Msalaba, yeye alilala chini ya guta lake. Daftari langu la hisia lilisema "tukanywa maji". Halikusema maji yalifikaje.

Pugu yenyewe ingeweza kunikumbusha. Wamisionari Wabenediktini walifika pale mwaka 1888, na mwanzoni mwa 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo chao kilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Wanakumbukwa, na ni haki. Lakini masanduku yao hayakupanda kilima kile yenyewe, na mimi nilisimama pale juu nikiwa na chupa ya maji mkononi bila kuliwaza hilo.

Basi nilimtafuta. Kituo chake ni karibu na soko, nikamkuta akiziba pancha. Nilimweleza kuwa naandika kuhusu hija na kwamba ningependa kuweka jina lake, kwa sababu watu wanaobeba mizigo huwa hawatajwi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Ukiandika, dada, mimi napata nini?"

Nikasema kwamba atakumbukwa. Akacheka, na mwenzake aliyekuwa jirani akacheka pia.

"Andika tu kijana wa guta. Mwakani wakinihitaji, mama ana namba yangu."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko nilivyofikiria kitabu chochote mwaka huu. Sidhani linamwokoa Tippu Tip. Wapagazi wake hawakuulizwa, na huyu ameulizwa akakataa. Lakini linaniondoa mimi kwenye kiti nilichokuwa nimekalia, cha mhakiki anayegawa majina. Kati ya maandishi yote niliyosoma kwa ajili ya sura ile, lililomtendea haki ni daftari la mama mkubwa, ambalo halina nafsi hata moja inayojieleza. Limeandika nani alibeba, alibeba kwa bei gani, na kama alilipwa. Nia za watu sitini hazimo. Madeni yao yamo, na yamefungwa.

Sura ya pili nimeianza upya. Swali la pembeni nimelifuta kwa kalamu nyekundu na kuandika jingine: mzigo kabeba nani, na kalipwa? Ukiwa na Safari za Wasuaheli mkononi, jaribu kuisoma na swali hilo. Utaona -ka- zinaanza kukwama moja moja, kama guta kwenye mchanga.

Mama mkubwa amenitumia ujumbe kwamba mwakani nijiandae, na safari hii nibebe begi langu mwenyewe.