Picha za Kolo na Hoja ya Dunia Nyingi

Mtu atokaye Dodoma mjini akishika njia ya kaskazini hupita Kondoa, na mbele yake kidogo hufika Kolo, penye mapango yaliyochorwa picha na watu wa kale. Mapango ya namna hiyo katika nchi ya Kondoa ni zaidi ya 150, nayo yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey alinakili picha nyingi za huko mwaka 1951, na kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 1983. Miongoni mwake wamo wanyama, na wamo watu wembamba, warefu mno, wasiofanana na mtu yeyote atembeaye juu ya ardhi.

Watu hao ndio asili ya ubishi. Mwaka 1971 Eric ten Raa alizihusisha baadhi ya picha na simbo, ngoma ya Wasandawe ambayo mchezaji hupagawa hata akawa kama simba, apate nguvu za kushinda uchawi. Mwaka 1986 David Lewis-Williams aliiendeleza fikira hiyo: picha zinaonyesha mambo ayaonayo mtu aliyepagawa. Kutoka hapo ni rahisi kupiga hatua moja zaidi, na kudai kwamba wazee wa uwanda wa kati waliijua hoja ya dunia nyingi kabla ya wanafalsafa wa Ulaya. Dai hilo lina nia njema, walakini halisimami.

Yapasa kutenga mambo matatu: lisemekalo, liwezekanalo, na lililopo. Mkulima wa Dodoma asemapo, "Lau mvua ingalinyesha, uwele ungalistawi," maneno yake yana maana, wala hayapingani. Mantiki humkubalia kwamba jambo hilo liliwezekana; haimwambii kwamba uwele huo upo mahali fulani umestawi. Aliyethubutu kusema hivyo ni David Lewis, katika kitabu chake On the Plurality of Worlds cha mwaka 1986. Alishika kwamba kila namna ambayo ulimwengu ungaliweza kuwa, iko dunia iliyo hivyo, ya kweli kama hii yetu. Lakini aliweka sharti: baina ya dunia hizo hakuna njia, wala sababu ya huku haizai tokeo kule. Lau pangalikuwa na njia, zingalikuwa sehemu za dunia moja.

Sharti hilo ndilo likatalo shauri la Kolo. Mchezaji wa simbo huenda na kurudi, na nguvu alizozipata huko hutumika hapa. Vivyo hivyo baadhi ya mapango yangali mahali pa matambiko, na aombaye mvua pangoni hutazamia inyeshe katika shamba lake mwenyewe. Huko kwenye mizimu, basi, ni chumba cha ndani cha nyumba hii hii. Dunia ya pili kwa maana ya Lewis haimo.

Asemaye hivi hawapunguzii wazee heshima. Uwele uliostawi katika dunia isiyofikika haumshibishi mtu wa Dodoma mwaka wa ukame. Neno la wazee ni zito zaidi, maana linajihatarisha: mvua ama hunyesha, ama hainyeshi. Kumsifu mtu kwa fikira ambayo si yake ni kumnyima sikio kwa ile aliyo nayo.

Kiswahili chenyewe kinatoa onyo. Neno malimwengu, kwa umbo, ni wingi wa ulimwengu. Lakini asemaye malimwengu hutaja mambo ya dunia hii moja, na mashaka yake. Mhakiki atazamaye wale watu warefu wa Kolo na aulize kwanza walikwenda wapi na walirudi na nini, ndipo aanze kuhesabu dunia.