Bega la Panga

Lisome panga la turbini ya upepo kuanzia nchani kurudi kitovuni. Nchani ni jembamba, limelala karibu sambamba na duara linalolichora. Likirudi ndani linapanuka na kujisokota. Karibu na shina linafikia upana wake mkubwa kabisa, tupaite begani, kisha ghafla linanywea na kuwa bomba la mviringo.

Msokoto unaeleweka upesi. Sehemu iliyo mita 40 kutoka kitovuni hukimbia mara 10 kuliko iliyo mita 4, na upepo unaozivumia ni uleule. Nchani, hewa hulijia panga kutoka kule linakokwenda. Shinani, upepo wenyewe ndio wenye kauli. Pembe moja haiwezi kufaa kote.

Bega ndilo lenye utata. Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba turbini haiwezi kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nishati ya upepo unaoipitia. Ukitafuta umbo la kukikaribia kikomo hicho, hesabu inataka panga lizidi kutanuka kadiri linavyosogelea kitovu. Lakini shina ndilo linalobeba uzito wote, tena linafungwa kwa boliti kwenye beringi ya mviringo inayoligeuza panga upepo ukizidi. Begani basi ndipo nadharia ya upepo inaposalimu amri mbele ya boliti, na kwangu hapo ndipo umbo zima linapovutia kuliko kwingine.

Kwa muda mrefu wabunifu wamelikata panga vipande vipande katika hesabu, kila kipande kikichukuliwa kana kwamba hakijui jirani yake. Njia hiyo ni nyepesi na bado inaaminika. Mwaka 1988 Antony Jameson, akishughulikia mabawa ya ndege, alionyesha njia nyingine, ya ajointi. Badala ya kusogeza kila nukta ya umbo na kurudia hesabu yote ya hewa, unafanya hesabu moja zaidi, ya kinyumenyume, nayo inakwambia kwa mkupuo kila nukta isogee wapi. Nukta ziwe 10 au 1,000, gharama haibadiliki sana.

Mwaka 2019 watafiti wa Denmark na Marekani walichapisha kazi iliyoitumia njia hiyo kwa rota ya turbini ya baharini ya megawati 10, hewa ikiwa imegawanywa katika seli hadi milioni 14. Upana, msokoto na umbo la mkato vilibadilishwa kwa pamoja. Kwa jumla majibu yalielekea kulekule kulikoelekea njia ya vipande. Faida ya hesabu nzito ilionekana hasa shinani na nchani, na si ajabu: nchani hewa huponyoka kwa kuuzunguka ukingo, shinani mzunguko huisukuma nje, na kipande hakiwezi tena kujifanya hakina jirani.

Wapo wanaoisifu kompyuta kama msanii. Sikubaliani nao. Mwenye umbo ni aliyeandika masharti. Iambie itafute nguvu ya kuzungusha peke yake, italipakia panga mzigo bila kuuonea mnara huruma. Wekea kikomo mkunjo wa shina, nayo itaipunguzia ncha kazi na kuihamishia ndani. Katika shairi la arudhi masharti unayasikia kila mshororo. Katika panga yamezama, msomaji inabidi ayakisie kutokana na umbo. Hata kazi ya 2019 haikupima mizigo ya dhoruba, na waandishi wake walisema hivyo wazi.

Kuna masharti yasiyofika kwenye hesabu kabisa. Karibu na Loiyangalani, Kenya, zimesimama turbini 365 za Vestas V52, kila moja kilowati 850. Mapanga yake, yenye urefu wa kama mita 25, yalishushwa Mombasa, na kilomita 208 za barabara zilibidi zitengenezwe ili mradi ufikike. Kona ya barabara nayo ina neno juu ya urefu wa panga. Panga la baharini halina habari na kona hiyo, maana kiwanda chake hujengwa bandarini na panga hupakiwa melini.