Redio Ndogo Migombani

Kifaa cha kusikilizia muziki hakipimwi dukani. Dukani kila redio husikika vizuri, kwa sababu muuzaji ameifungulia sauti hadi mwisho na mnunuzi amesimama bila jembe mkononi, bila mtoto mgongoni, bila maji ya mfongo yanayomsubiri ayageuzie shambani. Kipimo chake ni siku nzima ya mtu anayekibeba, tangu anapoamka kukata majani ya ng'ombe hadi anapofunga mlango usiku. Kwa kipimo hicho nataka kukijadili kifaa ambacho hakuna mhakiki anayekijali: ile redio ndogo ya memori kadi inayouzwa Moshi mjini na katika masoko ya mlimani, Kiboriloni, Marangu Mtoni, Mwika.

Unaijua. Ina ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Juu ina antena inayovutwa, mbele spika moja, kichwani tochi, pembeni tundu la flashi na tundu la kadi. Nyuma kuna kifuniko cha plastiki ambacho baada ya miezi michache hushikiliwa kwa mpira wa kufungia noti. Haina skrini, au ikiwa nayo huonyesha namba tu. Sauti yake ni nyembamba. Besi hakuna, na ngoma ya kwaya hutoka kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Mtu anayependa muziki kwa maana ya kukaa na kusikiliza kila chombo hataipenda. Hilo nalisema mapema ili lisibaki kuwa fumbo.

Historia ya muziki unaobebeka husimuliwa kwa majina mengine. Mwaka 1979 Sony ilitoa Walkman huko Japani, na watu wakajifunza kutembea na kaseti kiunoni na hedifoni kichwani. Mwaka 2001 Apple ikatoa iPod, ikaahidi nyimbo 1,000 mfukoni. Mwaka 2022 ikatangaza kuacha kuitengeneza kwa sababu simu zilikwishachukua kazi yake. Vifaa hivyo viwili vilikuwa na wazo moja: muziki unakwenda na mtu, na unabaki ndani ya masikio yake peke yake. Redio ndogo ya mlimani ilichukua nusu ya wazo hilo. Ilichukua kubebeka, lakini haikuyafunga masikio. Ubora wake kwa maisha ya huku unaanzia hapo.

Masikio ya mtu wa kihambani yana kazi nyingi. Kihamba ni shamba na nyumba kwa pamoja: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kandokando ya maji, banda la ng'ombe hatua chache kutoka jikoni. Huoni mbali, kwa sababu majani ya migomba yanazuia. Unasikia. Maji ya mfongo yakikatwa huko juu, mlio hubadilika kabla hujauona mchanga. Ng'ombe aliye ndani ya banda anaeleza kwa sauti kama ana njaa au anataka dume. Hodi ya mgeni inatoka nyuma ya migomba, na asiyeitikia anahesabiwa kuwa hayupo au hataki watu. Kengele ya kanisa ikilia saa isiyo ya ibada, kila mtu husimama na kuuliza nani amefariki.

Halafu kuna njia. Katika njia za Kibosho, Uru au Old Moshi mtu hapiti kimya. Unayekutana naye ni shangazi wa mtu, ni mzee wa ukoo, ni mwalimu aliyekufundisha darasa la tatu. Shikamoo haisubiri wimbo uishe. Kijana aliyeziba masikio akapita huku akitikisa kichwa hajamtukana mtu, lakini jioni habari zake zitakuwa zimefika nyumbani kabla yake. Aliyebeba redio ndogo mfukoni au juu ya furushi la majani hana shida hiyo. Anapunguza sauti kwa kidole gumba, anasalimia, anaendelea. Na yule mzee naye amesikia robo ya wimbo, pengine akauliza ni kwaya gani hiyo.

Mjini hesabu ni nyingine. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika anayepanda daladala ambayo tayari inapiga muziki wake ana sababu ya kuvaa hedifoni. Huo ndio ukuta pekee alio nao. Lakini akishuka na kuanza kuvuka barabara ya Moshi na Arusha, penye bodaboda na malori, ukuta huohuo unamwondolea honi. Kwa hiyo sisemi kwamba hedifoni ni mbaya. Nasema zinamfaa mtu aliyekaa, ambaye usalama wake umeshikwa na mtu mwingine. Mtu wa kihambani hakai, na usalama wake anaushika mwenyewe.

Jambo la pili ni mikono. Simu janja inaweza kufanya yote ambayo redio ndogo hufanya, na zaidi. Ila inataka mkono safi. Utomvu wa mgomba hunata, ukikauka huwa mweusi na hautoki. Msimu wa kumenya kahawa vidole huteleza. Kioo cha simu hakielewani na mikono hiyo, na kikianguka juu ya jiwe la mfongo gharama yake ni ya mwezi mzima. Redio ndogo ina vitufe vya kubonyeza hata kwa kiwiko. Ikianguka hufunguka, betri huruka upande mmoja na kifuniko upande mwingine, unaviokota, unavirudisha, inaendelea. Simu tena ni kiungo cha ukoo na mifuko ya fedha. Ikiishiwa chaji kwa sababu ya nyimbo, umejikata na watu wote. Redio ikizimika umekosa muziki tu.

Betri yenyewe ina kisa chake. Nyingi ya redio hizi hutumia betri ya volti 3.7 ya umbo lilelile la BL-5C, lililoenea duniani kupitia simu za tochi za Nokia. Maana yake ni kwamba simu ya zamani iliyokufa droo inaweza kuifufua redio, na fundi yeyote wa simu ana betri ya akiba. Huo ni ubunifu mzuri hata kama haukukusudiwa. Lakini umbo kufanana si usalama kufanana. Mwaka 2007 Nokia yenyewe ilitoa onyo kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita, kwa kuwa zilikuwa na hatari ya kupata joto kali wakati wa kuchajiwa, ikajitolea kuzibadilisha bure. Matsushita ndiyo kampuni iliyokuwa na jina la National, jina ambalo wazee wetu walilisoma kwenye redio na betri zao kwa miaka mingi. Ikiwa kampuni kubwa kama hizo ziliteleza, betri isiyo na jina unayoiacha ikichaji juu ya godoro usiku kucha inastahili wasiwasi. Ichaji mezani, ukiwa macho. Ikivimba, itupe.

Jambo la tatu ni mawimbi. Mlima umekatwa na mabonde ya mito, na FM husafiri kama mwanga: kilima kikisimama katikati, sauti hukatika. Ndiyo maana nyumba moja inashika stesheni ya Moshi safi kabisa, na nyingine ng'ambo ya korongo inapata mkwaruzo. Kadi haijui korongo. Kwa wanaoishi bondeni, kadi si anasa. Ndiyo inayofanya redio iwe na maana.

Hapa pia ndipo hatari ilipo. Redio ya zamani haikuuliza unataka nini. Ilileta taarifa ya habari, bei za mazao, mahubiri, salamu za wasikilizaji, na matangazo ya vifo, ambayo kizazi cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilikuwa kikiyanyamazia watoto ili yasikike. Mtu aliyeigeuza swichi kuelekea kwenye kadi na kuiacha huko husikia anachokipenda tu, na anachokipenda hakina habari mpya. Nimeona nyumba ambazo mwenyeji hakujua kwamba maji yamebadilishwa zamu au kwamba kuna msiba upande wa pili wa kanisa, na redio yake ilikuwa ikiimba tangu asubuhi.

Na nani alichagua hizo nyimbo? Mara nyingi si mwenye redio. Ni kijana mwenye kompyuta katika kibanda karibu na stendi. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3 huchukua takriban megabaiti nne, hivyo kadi ya gigabaiti nne hubeba kama nyimbo 1,000, sawa na ahadi ya ile iPod ya kwanza, ndani ya kitu kidogo kuliko kucha. Hakuna mteja anayetaja nyimbo 1,000. Anasema, "Niwekee kwaya, na zilipendwa kidogo," na kijana anamwaga. Hivyo Mbaraka Mwinshehe anakaa jirani na Bongo Fleva ya mwaka jana, na kwaya ya Kwaresima inafuatiwa na wimbo wa baa. Kijana huyo ndiye mhariri wa muziki wa mlimani, mwenye wasomaji wengi kuliko mimi. Fedha inaishia kwake. Mtunzi hapati kitu, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Uhakiki wa kifaa hiki unaokwepa jambo hilo haujakamilika. Urahisi wake umelipiwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Nina shangazi Kibosho, anaishi peke yake tangu watoto wake wahamie Dar es Salaam. Redio yake hukaa dirishani akiwa jikoni na hukaa mfukoni mwa sweta akiwa shambani. Katikati ya kwaya zake, kwenye faili la 63, ipo sauti ya marehemu mume wake akitoa shukrani katika sherehe ya kipaimara ya mjukuu. Aliyejaza kadi aliinakili pamoja na nyimbo. Redio nyingi za aina hii hazipangi kwa majina; hufuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi. Hakuna orodha, hakuna kutafuta. Ili kuifikia sauti hiyo, shangazi anabonyeza mbele, mbele, mbele, huku akitambua njia: hii ya kinanda, hizi mbili za zamani, hii ya watoto, halafu yeye.

Nilimwambia, "Shangazi, kompyuta ninayo. Nikupangie uwe wa kwanza?"

"Hapana, mwanangu. Nitamsikia kila nikiwasha, hata nikitaka taarifa ya habari tu. Mwache hukohuko, mimi njia naijua."

Mhakiki wa vifaa angeandika kwamba kukosa skrini ni kasoro, na angekuwa sahihi kwa watu wengi. Mjukuu wake akija Desemba hukereka ndani ya dakika mbili, kisha anawasha spika kubwa aliyokuja nayo kutoka Dar, na redio ndogo inanyamaza hadi Januari, nyumba inapobaki tena na mtu mmoja. Huo ndio mwezi wa kuipima. Alilokubali shangazi ni ninakili kadi nzima na kumwekea nakala ndani ya kasha la rozari. Kadi za bei rahisi hufa bila kuugua, na sauti hiyo haikuwa mahali pengine popote.

Kuna sehemu moja ambapo redio hii haifai, nayo ni juu. Wapagazi wa Kilimanjaro, wenye mizigo ya wageni isiyotakiwa kuzidi kilo 20, huning'iniza redio au spika ndogo kwenye mabegi, na katika msitu wa chini sioni ubaya. Miguu husaidiwa na wimbo. Lakini kambini Kibo, karibu mita 4,700, baridi hupunguza nguvu za betri za lithiamu, na chaji iliyobaki ni ya taa. Usiku wa kuelekea kileleni mwongozaji anasikiliza pumzi na hatua za mgeni wake. Kikohozi kikibadilika anatakiwa kukisikia yeye kwanza. Muziki wowote hapo unamnyang'anya kifaa chake cha kazi.

Hukumu yangu ni hii. Kama unakaa mjini, unasafiri umekaa na unataka kusikia gitaa la pili, usiinunue; simu yako na hedifoni nzuri zinatosha. Kama siku yako ni ya mikono michafu na masikio yanayodaiwa na watu, inakufaa kuliko chochote kilichotengenezwa kwa fedha nyingi. Ila chagua yenye swichi ya FM iliyo ngumu na ya wazi, inayosikika ikigeuzwa, na igeuze angalau mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Nyimbo zitakusubiri. Tangazo la msiba wa jirani husomwa mara chache, na mazishi hayangoji.