Jirani, Mtani na Mhanga: Maneno ya Huduma Baada ya Maafa Katika Uluguru

Lugha ya dini hupimwa aghalabu kwa usahihi wa tafsiri, yaani kwa kulinganisha neno la Kiswahili na lile la Kigiriki au la Kiebrania. Kipimo hicho ni cha haki, walakini hakitoshi. Liko jaribio jingine lililo gumu zaidi, nalo ni siku ambayo mlima umeporomoka, na mhubiri hana budi kuwaambia wasikilizaji wake nani amsaidie nani, na kwa sababu gani. Siku hiyo udhaifu wa neno haufichiki.

Nchi ya Uluguru yafaa sana kwa jaribio hilo. Tarehe 23 Februari 1970, sehemu za Mgeta, upande wa magharibi wa milima, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda usiotimia saa tatu. Wataalamu wa jiografia Paul Temple na Anders Rapp, walioichunguza ardhi ile, walikuta maporomoko zaidi ya 1,000, mengi mno katika mashamba na mahali pa majani, na machache sana penye msitu. Ukristo haukuwa mgeni huko. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa Morogoro tangu 1882 na Matombo tangu 1897. Wao wenyewe waliyajua maafa, kwa maana tufani ya Aprili 1872, iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, ilibomoa pia majengo yao ya Bagamoyo.

Neno kuu la mahubiri ya huduma ni jirani. Tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, yalitumia katika amri ya upendo na katika mfano wa Msamaria pia. Asili yake ni Kiarabu, nako ni neno la wingi. Waswahili walilifanya la umoja, kisha wakaliundia wingi mpya, majirani. Lakini maana haikuhama: jirani ni mtu akaaye karibu. Ujirani wa Kiswahili una thamani kubwa, wa kuombana chumvi na kuangaliana watoto, ila kiini chake ni ukaribu wa makao. Sasa, katika mfano ule, anayekuwa jirani ni msafiri apitaye njia, tena wa kabila lisilopatana na la yule aliyejeruhiwa. Msikilizaji hulazimika kulipinda neno ili mfano usimame.

Penye usalama kupinda huko hakudhuru. Penye maporomoko hudhuru. Jirani wa mtu wa Mgeta ni yule ambaye konde lake limeteremka pamoja na lake, na nyumba yake imejaa tope lile lile. Aliye karibu hana nguvu. Mwenye nguvu yuko mgongo mwingine wa mlima, au mjini Morogoro, au mbali zaidi. Basi neno linamwamuru asiyeweza na kumwachilia awezaye.

Ajabu ni kwamba Waluguru wanalo neno linaloziba pengo hilo, wala halisikiki sana mimbarani. Neno hilo ni mtani. James Christensen aliuandika utani wa Waluguru mwaka 1963, akaonyesha kwamba mzaha na wajibu ni vitu viwili vya mkataba mmoja. Mtani si wa ukoo wako, yaani si wa lukolo lako, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye afaaye kukutumikia siku ya msiba: wafiwa wamelemewa na huzuni, yeye hakulemewa. Yeye ndiye ashikaye kazi za mazishi, na katikati ya kazi huwadhihaki wenye msiba bila kuogopa kuchukiwa. Huduma ya mtu wa nje, iliyo fumbo katika neno jirani, katika neno mtani ni jambo la kawaida.

Wako watakaosema kwamba dhihaka haipatani na huruma ya Kikristo. Hoja hiyo yataka kujibiwa kwa uangalifu, maana dhihaka ndiyo inayomlinda anayehudumiwa. Anayetaniwa leo ana haki ya kutania kesho. Anayechimbiwa kaburi leo atachimba kesho. Kwa hiyo hainamishwi. Sadaka ambayo haina zamu humwacha mpokeaji chini, hata kama mtoaji hakukusudia hivyo. Waluguru, kwa bahati mbaya, walikwisha kuonja wema wa namna hiyo kwa mkono wa serikali ya kikoloni: mpango wa matuta ulikusudiwa kuokoa udongo uliokuwa ukimomonyoka kweli, lakini uliletwa kwa amri, ukaishia katika ghasia za mwaka 1955.

Hata hivyo mtani asiingizwe katika Biblia mahali pa jirani. Utani hudai malipo ya zamu, na watani hujuana tangu zamani. Msamaria hakuwa na mkataba na mtu yeyote, wala hadithi haisemi kwamba alirudishiwa kitu. Hapo utani unapungukiwa, na Injili inakwenda mbele yake. Kazi ya neno hili ni katika mahubiri, ambapo mhubiri aweza kuanza na lile wanalolijua watu wa mlimani, kisha akaonyesha mahali lisipofika.

Lipo neno jingine ambalo halistahili upole huo. Baada ya mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulipofurika na watu wengi wakalala katika mahema, na tena baada ya maporomoko ya tope ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, ilikuwa desturi kuwaita waliopatwa wahanga. Mhanga ni mnyama wa usiku achimbaye mashimo kutafuta mchwa. Na katika usemi wa kujitoa mhanga, ni mtu aliyeitoa nafsi yake kwa hiari kwa ajili ya wengine. Mwandishi wa gazeti akilikosea neno hili, kosa ni la lugha tu. Mhubiri akilikosea, kosa ni la imani, kwa kuwa amemfanya aliyezolewa na maji kuwa kafara, na mwenye akili atauliza kafara hiyo ilitolewa na nani, tena kwa nani. Kama yupo wa kuitwa mhanga siku ile, ni yule aliyeingia majini kumvuta mwenzake.

Waathirika, neno lililozoeleka tangu miaka ya UKIMWI, halina kosa hilo, ila ni baridi, na lilikwisha kubeba aibu ya ugonjwa. Manusura ni bora zaidi. Limetokana na nusuru, kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusaidia, hata ndani ya neno lenyewe mna mkono uliookoa, na Mkristo na Mwislamu wote wawili waweza kulitamka bila kusitasita. Tena lina faida ya kisarufi isiyo ndogo. Waathirika, katika taarifa za misaada, huandamana karibu daima na vitenzi vya kutendwa: walipewa, walihamishwa, walihifadhiwa. Manusura hukaa kwa urahisi zaidi mbele ya kitenzi cha kutenda: manusura alichimba, alibeba, alipika uji wa watoto wa wenzake. Na ndivyo ilivyo katika vijiji vya milimani, kwa maana wanaofukua tope la kwanza, kabla gari lolote halijapanda, ni wale wale waliotoka humo.